Bibi alimlilia nani: mume au kaka?

Mhariri, salaam kwako na kwa wasomaji.

Tunaomba ushauri wa watu waliowahi kuandika habari za ukoo, hasa wale ambao wazee wao walikwenda Burma katika vita vya pili vya dunia na KAR (King's African Rifles), kikosi cha askari wa Afrika Mashariki chini ya Waingereza. Sisi ni wajukuu wa nyumba moja hapa Ngamiani, Tanga. Tumepewa kazi ya kuandaa kijitabu cha kurasa 40 hivi, wagawiwe ndugu kwenye arusi itakayofanyika baada ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi.

Hadithi yenyewe husimuliwa kila arusi na shangazi yetu, binti mkubwa wa marehemu bibi. Babu alipanda meli Kilindini, bandari ya Mombasa, kwenda vitani, meli ikapigwa na nyambizi ya Wajapani, na habari zikafika Tanga kwamba amekufa. Bibi akavaa nyeupe, akakaa eda miezi minne na siku kumi. Siku ya kutoka, maji ya kuoga yameshatengwa, tarishi akabisha hodi na barua ya babu. Hapo vigelegele hupigwa, na bibi arusi hulia hata kama alishaisikia hadithi hiyo mara kumi.

Lakini kasha la bibi limetoa barua 11, picha moja na medali tatu, na tukizipanga kwa tarehe hadithi haikai.

Tuanze na meli. Inayotajwa ni Khedive Ismail. Iliondoka Kilindini 6 Februari 1944 kwenda Colombo, ikazamishwa 12 Februari karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa dakika chache mno. Kati ya watu 1,511 waliokuwamo walipona 214 tu. Askari wa Afrika Mashariki waliokufa humo wengi walikuwa watu wa mizinga, regimenti ya 301 ya East African Artillery. Babu alikuwa askari wa miguu, KAR batalioni ya 36, na Divisheni ya 11 aliyokuwamo ilikuwa imeshahamia Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwaka 1943.

Picha inasema hivyohivyo. Ni ndogo, haizidi kiganja. Babu amekaa kitini, kofia yenye ukingo mpana ameiweka gotini, viatu vimeng'arishwa kuliko uso. Nyuma kuna muhuri wa studio ya Colombo, na kwa kalamu ya risasi imeandikwa 20 Mfungo Pili 1362. Hiyo ni katikati ya Novemba 1943. Anayegeuza tarehe za Kiislamu akumbuke kwamba huweza kupishana siku moja au mbili, kwa sababu ya mwandamo, lakini hapa tofauti ni karibu miezi mitatu. Meli inaondoka Kilindini, babu ameshapigwa picha ng'ambo.

Medali hazitusaidii. Nyota za vita vya pili na War Medal walizogawa Waingereza hazikuchorwa jina, tofauti na zile za vita vya kwanza ambazo jina na namba vipo ukingoni au nyuma. Burma Star inathibitisha tu kwamba alifika eneo la vita vya Burma. Mwenye medali za babu yake asidhani zimeharibiwa akizikuta tupu.

Kilichotugonganisha ni barua ya Rajab 1363, yaani mwisho wa Juni au Julai 1944. Imeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwenye karatasi ya barua ya ndege, na muhuri wa mkaguzi wa jeshi umevujia zambarau juu ya mistari miwili. Panaposomeka pana maneno haya: "Nakupa pole ya kaka yako. Nasikia umevaa nyeupe. Mimi mzima." Bibi alikuwa na kaka, askari wa mizinga, na kwenye hadithi ya arusi hatajwi kabisa. Tunaamini meli ilikuwa yake, na kwa vizazi vitatu akapewa shemeji.

Shangazi ana hoja, na si ya kupuuza. Anasema kaka haliliwi kwa eda. Kwa ndugu ni siku tatu, na miezi minne na siku kumi ni ya mume peke yake. Kama bibi alivaa nyeupe mpaka habari zikamfikia babu huko aliko, alikuwa anamlilia nani? Sisi tunajibu kwamba mume aliyepotea bila uthibitisho wa kifo mkewe hajikalii eda tu. Shauri huenda kwa kadhi, na hakuna anayekumbuka kwamba lilikwenda. Halafu kuna hesabu. Meli ilizama kiasi cha 17 Mfungo Tano. Ongeza miezi minne na siku kumi, unapata 27 Mfungo Tisa, siku chache kabla ya Rajab. Barua ya Rajab, ambayo bado ilikuwa na safari ndefu mbele yake, isingewahi siku hiyo. Hata hivyo inawezekana ilikuwapo barua nyingine iliyopotea. Baada ya Rajab kuna kimya mpaka Mfungo Tatu (Novemba na Desemba 1944), na hicho tunakielewa: ndiyo miezi divisheni ilipopelekwa bonde la Kabaw, Burma, wakati wa mvua kubwa, kuelekea mto Chindwin.

Jina la kaka tumelitafuta kwenye orodha ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, inayopatikana bure kwenye intaneti. Askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli hiyo wameandikwa kwenye East Africa Memorial, Nairobi. Ushauri kwa anayetafuta: usiandike jina lote. Makarani waliandika walivyosikia, kwa hiyo Salimu huweza kuwa Salim au Selim, na "bin" huachwa au huunganishwa. Anza na tarehe ya kifo na kikosi, kisha shuka orodha kwa macho. Sisi tumebaki na majina mawili yanayofanana, na bila namba ya jeshi hatuwezi kuchagua. Je, kuna aliyepata namba ya mzee wake kwa njia nyingine, na aliipata wapi?

La pili ni barua mbili zilizogandana kwa unyevu. Fundi mmoja alitaka kuzifukiza mvuke kisha azipige plastiki. Tukakataa, maana wino huo hukimbia ukiguswa na maji, na plastiki ya moto haitoki tena. Nyingine tumezipiga picha kwa simu, karibu na dirisha, bila flashi, na mara ya pili mwanga ukitoka ubavuni ili alama za kalamu ya risasi zilizofifia zionekane. Vidonge vya kufukuza nondo tumeviondoa kashani, na barua tumezifunga kwa bafta iliyofuliwa bila wanga. Tunahitaji pia msomaji wa hati hizo aliyezoea Kiswahili cha huku kwetu, kwa sababu mwandiko wa zamani hautofautishi p na b wala e na i.

Mistari ya chumbani imo, na haichapwi. Hilo halina mjadala.

Mjadala ni huu. Kaka yule aliacha binti mmoja, na watoto wa binti huyo wako Pangani. Wameshasikia habari za barua, na wanataka babu yao aingie kitabuni na meli yake. Shangazi anasema: "Mkiitoa meli, mmemtoa mama yangu." Wazo letu ni kumrekodi shangazi akisimulia, tuchape maneno yake yote kwa jina lake bila kugusa neno, kisha ifuate picha ya barua ya Rajab pamoja na maandishi yake kwa herufi za kawaida, na sura ya kaka. Binamu mmoja anapinga: anasema watu watafungua kurasa hizo shangazi amekaa mbele yao, wamcheke. Mwingine anasema tungoje mpaka shangazi aondoke duniani. Sisi hilo tunaliona ni utovu wa adabu uliovishwa kanzu.

Waliowahi kuchapa simulizi mbili zisizopatana katika kitabu kimoja cha ukoo, mlizipangaje? Na mzee mlimsomea kabla ya kupeleka kiwandani, au mlimpa nakala siku hiyohiyo pamoja na wengine?

Wajukuu,
Ngamiani, Tanga