Barua kwa wifi yangu kuhusu raga na kichwa cha mwanao

Wifi yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Salamu zako nilizipata kwa kaka yako, ambaye ndiye uliyempigia simu, ingawa sote wawili tunajua kwamba ujumbe ulikuwa wangu. Ndiyo mambo ya mawifi, na wala sikukasirika. Umesikia kwamba wanangu wawili, wa kiume na wa kike, wanacheza raga hapa Tanga, na kwamba mwanao, atakayehamia kwetu mwezi wa Januari kuanza kidato cha kwanza, ameshaapa kuwa naye atacheza. Umesema kwamba huo ni mchezo wa kuvunjana, kwamba ni mchezo wa Wazungu, na kwamba haumfai mtoto wa kike. Nakujibu kwa barua, tena barua ya wazi, kwa sababu wazazi wenzangu wa hapa huniuliza maswali hayohayo kila Jumamosi, na nimechoka kuyajibu vipande vipande pembeni mwa uwanja.

La Wazungu tulimalize haraka. Ukivuka mpaka wa Horohoro ukafika Mombasa, utakuta raga ni mchezo wa shule na klabu kama ilivyo michezo mingine, na mwalimu anayewafundisha watoto wetu aliucheza hukohuko kabla hajarudi nyumbani. Mwezi wa Aprili 2016, timu ya Kenya ya wachezaji 7 iliifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya mashindano ya Singapore, na Fiji hiyohiyo, miezi michache baadaye, ikatwaa dhahabu ya Olimpiki kule Rio de Janeiro. Wasichana wa Kenya nao walicheza Rio. Kuhusu mavazi, ambalo najua ndilo lililokuwa nyuma ya maneno yako, sheria ya 4 ya raga inawaruhusu wanawake kuvaa suruali ndefu za kubana na kujifunika kichwa kwa kitambaa, mradi kitambaa hicho kisiwe cha hatari kwa mvaaji au kwa wenzake. Binti yangu anacheza amejistiri, na hakuna mwamuzi aliyewahi kumtoa kwa sababu hiyo.

Hofu ya kuvunjana ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika, kwa sababu nadhani unaogopa jambo ambalo si kubwa kuliko yote, na lile kubwa hujaliogopa bado. Sitakudanganya kwamba watoto hawaumii. Raga ni mchezo wa kugongana, na mtoto anayeucheza atarudi na michubuko, atateguka kidole, na huenda siku moja akavunjika mkono. Lakini mkono uliovunjika hauna siri: mtoto analia, unavimba, kila mtu uwanjani anauona, na hakuna atakayesema aendelee kucheza.

Mchezo wenyewe una utaratibu kuliko unavyoonekana kwenye simu. Mpira haurushwi mbele kwa mkono. Unapasiwa pembeni au nyuma tu, kwa hiyo anayeubeba ndiye anayewatangulia wenzake, na ni yeye peke yake anayeruhusiwa kukabwa, yaani kushikwa na kuangushwa. Kumkaba mtu juu ya usawa wa mabega ni kosa, kumkaba akiwa ameruka hewani ni kosa, na kumkaba asiye na mpira ni kosa pia. Nchi nyingine zimeenda mbali zaidi: Ufaransa iliteremsha usawa wa kukaba hadi kiunoni kwa wachezaji wa ridhaa mwaka 2019, na Uingereza ikateremsha wake hadi chini ya kifua mwaka 2023, zote kwa ajili ya vichwa vya wachezaji. Tena watoto wadogo hawaanzi kwa kukabana hata kidogo. Huvishwa mkanda wenye vitambaa viwili vinavyoning'inia kiunoni, na aliyenyofolewa kitambaa ndiye aliyekabwa. Ndivyo alivyoanza binti yangu, na mpaka leo anadai kwamba ule ndio ulikuwa mchezo wenyewe, kwa kuwa alikuwa hashikiki.

Jambo moja la hapa kwetu linanisumbua, nami nimemweleza mwalimu mara nyingi. Watoto ni wachache, hivyo wa miaka 12 na wa miaka 15 hujikuta kwenye mazoezi mamoja, na kati ya umri huo mmoja anaweza kuwa na uzito maradufu ya mwenziwe. Mwalimu amekubali kuwapanga kwa maumbile wanapofanya mazoezi ya kukaba. Akisahau, namkumbusha.

Sasa nije kwenye kichwa. Msimu wa kaskazi uliopita, uwanja ukiwa umekauka hata nyasi zimegeuka vumbi, kijana wangu aliinama kumkaba mwenzake aliyekuwa akichanja mbuga pembezoni, na kichwa chake kikaingia upande usiofaa, mbele ya goti la yule mkimbiaji badala ya nyuma ya paja lake. Aliinuka mwenyewe. Hakuzimia, hakutoka damu. Alijipangusa vumbi, akatabasamu, akamwuliza mwenzake matokeo, akajibiwa. Mpira ulipotoka nje akauliza tena, swali lilelile, kwa maneno yaleyale. Mwalimu alikuwa upande wa pili akiutazama mpira, kama inavyompasa, na hakuliona tukio hilo. Nikazunguka uwanja nikamwambia.

Alimwita kando, akamwuliza bila papara: leo tuko uwanja gani, tupo kipindi cha kwanza au cha pili, nani amefunga mara ya mwisho, mechi iliyopita mlicheza na timu gani, na je, mlishinda? Mwalimu hakuyabuni maswali hayo. Ndiyo yanayotumika pembeni mwa viwanja vya nchi nyingi. Uwanja mtoto aliujua. Kipindi alikibahatisha. Alipofikia swali la mechi iliyopita hakumtazama mwalimu tena, alinitazama mimi, kama mtu anayetaka kuonyeshewa jibu.

Akatolewa. Kanuni ni kwamba mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo huondolewa, na siku hiyo harudi uwanjani hata akiapa kwamba amepona. Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na haukuwa wa mtoto peke yake. Baba mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, alisema kwa sauti kwamba mbona mtoto anatembea, mbona anazungumza, na kwamba kina mama tunawadekeza. Kijana mwenyewe hakunisemesha njia nzima, tangu uwanjani hadi tulipoingia Ngamiani, naye si mtoto wa kununa.

Tulimpeleka hospitali akachunguzwa, tukaambiwa tumwangalie na tumpumzishe. Siku mbili za kwanza hakushika simu wala hakutazama televisheni, na hilo, wifi yangu, lilikuwa gumu nyumbani kuliko mfungo. Alilalamika kwamba mwanga wa dirishani unamuumiza, akawa mkali kwa dada yake bila sababu, kisha polepole akarudi kuwa yeye. Utaratibu ni kwamba mtoto hurudi darasani kwanza. Akiweza kusoma bila kichwa kumuuma ndipo anaanza mazoezi mepesi, halafu mazoezi ya kawaida, na kukabana kunakuja mwisho. Uingereza, mchezaji wa kawaida aliyepata mtikisiko hawezi kucheza mechi kabla ya siku 21, na mwalimu wetu anafuata kipimo hichohicho. Siku hizo zilipotimia kijana alikuwa akizihesabu ukutani kwa mkaa, jambo ambalo baba yake alilifurahia na mimi nikalifuta.

Kwa nini ukali wote huo kwa mtoto aliyekuwa akitabasamu? Kwa sababu ubongo hutikisika ndani ya fuvu hata pasipo jeraha nje, na wengi wanaopata mtikisiko huo hawazimii kabisa. Na kwa sababu pigo la pili linalokuja kabla la kwanza halijapona linaweza kuufanya ubongo wa kijana uvimbe kwa kasi ambayo daktari hawezi kuiwahi. Mwaka 2011, huko Ireland ya Kaskazini, mvulana wa miaka 14 aligongwa kichwa katika mechi ya shule, akaachwa aendelee, akagongwa tena, na akafa. Mama yake alikuwepo uwanjani. Nilipoisoma habari hiyo nilikuwa peke yangu jikoni, na nililiacha sufuria likaungua. Miaka 14 ndio umri wa mwanao.

Ndiyo maana nasema unaogopa kisicho cha kuogopwa zaidi. Dalili za kuogopa ni mtoto aliyeduwaa, anayesahau, anayeyumba, anayesema kichwa kinamuuma au kichefuchefu kimemshika, au ambaye hakai sawa tu kama unavyomjua. Na zipo ambazo hazingoji hata dakika: kutapika tena na tena, degedege, maumivu ya kichwa yanayozidi, maumivu ya shingo, ganzi au udhaifu wa mikono na miguu, kuona vitu viwili viwili, usingizi usioamshika. Hapo ni kumkimbiza hospitali ya Bombo, na hatumwinui mtu mwenye maumivu ya shingo kwa kumvuta mikono, jambo ambalo nimeona watu wema wakitaka kulifanya.

Mwalimu hawezi kuyaona yote haya. Ana watoto wengi na mpira mmoja, na mtoto wako hamjui kama unavyomjua wewe. Mtoto mwenyewe hatasema, kwa kuwa akisema atatolewa, na hapa ndipo makelele yetu ya pembeni yanapomponza. Wewe ni mtu wa Coastal Union, timu yetu ya soka, tangu enzi za ubingwa wa 1988, na uwanjani Mkwakwani nimekusikia kwa masikio yangu ukimwambia mwamuzi maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Kwenye raga haiko hivyo: nahodha ndiye anayezungumza na mwamuzi, na mzazi hukaa nyuma ya kamba. Lakini zaidi ya adabu, mtoto anayesikia jamaa zake wakipiga kelele kwamba wanaume hawatoki uwanjani ataficha kizunguzungu chake mpaka aanguke. Nimewaomba wazazi wenzangu washangilie kadiri wapendavyo, ila neno «vumilia» tuliache nyumbani. Baadhi wamekubali. Yule baba niliyemtaja bado hajakubali, ingawa siku hizi huniita anapoona mtoto yeyote anayumba.

Kuhusu vifaa usihangaike. Njumu za mtumba zinatosha, mradi zisiwe na vyuma vilivyochongoka, kwa kuwa mwamuzi huzikagua soli kabla ya mechi. Kinga ya meno mnunulie mpya, kwa sababu hiyo haiazimwi. Ile ya kawaida hulowekwa kwenye maji ya moto ikalainika, kisha mtoto anaing'ata ili ikae kwa umbo la meno yake. Wangu walisimama jikoni wametoa macho, udenda ukiwatoka, kila mmoja akimcheka mwenziwe, na binti aling'ata vibaya ikabidi turudie. Kinga hiyo inalinda meno na taya. Ile kofia laini ya kichwani uliyoiona kwenye picha inapunguza michubuko ya ngozi na masikio, lakini haizuii mtikisiko wa ubongo, na mtoto anayedhani inazuia huingiza kichwa mahali ambapo asingekiingiza. Ukitaka kumnunulia mnunulie, ila usimwambie kwamba sasa amekingwa.

Mwanao akija, hatacheza mechi mpaka amefundishwa kukaba kwa kupiga magoti kwanza, kisha kwa kutembea, kisha kwa kukimbia, na mpaka mwalimu aniambie mimi, si yeye, kwamba yuko tayari. Nitakuwepo kila mechi. Nikiwa na udhuru atakuwepo kaka yako, ambaye nimemfundisha yale maswali na anayajua kwa moyo. Akigongwa kichwa atatoka, na wewe utajua jioni hiyohiyo kutoka kwangu kabla hujasikia kwa watu. Ukiamua asicheze, nitamwambia mimi, na lawama nitazibeba mimi.

Kuna kitu kimoja nakihitaji kutoka kwako kabla sijampeleka kwa mwalimu. Mwaka jana kaka yako alinidokezea kwamba mtoto alianguka kutoka kwenye mwembe wa nyuma ya nyumba yenu, kisha habari ile ikakatika. Mwalimu huuliza kama mtoto amewahi kuumia kichwa, kwa kuwa aliyewahi kuumia anahitaji kuangaliwa zaidi. Naomba uniandikie aliangukia wapi, kama alizimia na kwa muda gani, kama alitapika, kama alilala sana siku zilizofuata, na kama alipelekwa kwa daktari. Kama kuna cheti au karatasi yoyote ya hospitali, piga picha unitumie. Usiwaze kwamba nitakulaumu, wala mwalimu hatamkataa kwa ajili hiyo peke yake. Niandikie mimi, si kaka yako, kwa sababu yeye atasahau nusu yake.

Wifi yako,
Tanga