Taroti isiyoweza kukosea tuipimeje?

Ndugu mshauri,

Tunaandaa jaribio la mambo matatu ambayo watu wengi huyatia kapu moja: unajimu, kadi za taroti (kadi za picha zinazotumika kupigia ramli) na machale. Tunataka kujua kama sayansi inaweza kuyathibitisha. Mawili tumeyapatia njia. Taroti imetukwamisha, na ndiyo tunayoombea ushauri, ila tuanze na yale mengine, maana huenda tumekosea tangu huko.

Unajimu unapimika. Mwaka 1985 mwanafizikia Shawn Carlson alichapisha katika jarida la kisayansi la Nature jaribio ambalo wanajimu walipewa chati ya kuzaliwa (ramani ya anga ya saa mtu alipozaliwa) pamoja na ripoti tatu za kipimo cha tabia, wachague ipi ni ya mwenye chati. Walitarajia kupatia angalau nusu. Walipatia kama theluthi moja, ambayo hata anayebahatisha huipata. Hesabu zake zimebishaniwa hadi leo, lakini muundo ni mzuri.

Sisi tumeugeuza: mnajimu anaandika maelezo ya kila mshiriki, kisha mshiriki anapewa karatasi tatu, yake ikiwemo, aitambue. Hatumwulizi kama maelezo yanamfaa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi 39 karatasi ileile moja, kila mmoja akidhani ni yake peke yake, nao wakaipa wastani wa zaidi ya 4 kati ya 5 kwa usahihi. Sifa pana humwenea kila mtu kama kanzu isiyo na kipimo.

Idadi ndiyo ilitusumbua zaidi. Tulipanga washiriki 12. Anayebahatisha atapatia kama 4, hivyo kikomo cha kufaulu kiwe 8, maana kufika hapo kwa bahati tupu hakuzidi asilimia 2. Tatizo liko upande wa pili: mnajimu ambaye maelezo yake kweli yanatambulika nusu ya mara atafikisha 8 mara moja tu kati ya tano. Yaani jaribio lingemwangusha hata mwenye uwezo, na huo si uungwana. Tukiwa na washiriki 60 na kikomo cha 27, bahati tupu inabaki chini ya asilimia 5, na mwenye uwezo huo anafaulu kama mara nne kati ya tano. Kwa hiyo ni 60.

Halafu kuna mianya ya siri kuvuja. Anayejua kuwa nyota yake ni Nge anajua pia Nge husemwaje, basi majina ya nyota, sayari na tarehe yanafutwa kwenye karatasi. Sayari za mbali husogea polepole, zinafichua kizazi. Hivyo karatasi tatu ziwe za watu wa rika moja. Saa ya kuzaliwa nayo ina mtego wake: alama inayochomoza (sehemu ya duara la nyota inayopanda upeo wa macho mtu anapozaliwa) husogea nyuzi moja kila dakika 4 hivi, na mtu akiandika saa 2 asubuhi, programu ikaisoma 02:00, chati inapotoka kwa takriban alama tatu kati ya kumi na mbili za nyota. Tunataka saa zote ziandikwe kwa mtindo wa saa 24, kutoka kwenye cheti.

Machale ni rahisi kuliko yote. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Gary Klein, waliokuwa wakipingana kuhusu jambo hili, waliandika pamoja mwaka 2009 kwamba hisia ya haraka huaminika pakiwa na mambo mawili: mazingira yenye utaratibu, na nafasi ya kujifunza kwa kuona matokeo. Kwa hiyo kila mshiriki anaandika utabiri wake kwa asilimia kabla ya tukio, karatasi inafungwa. Alama anazopewa ni tofauti kati ya utabiri na matokeo (1 likitokea, 0 lisipotokea), ikizidishwa kwa yenyewe: aliyesema asilimia 80, yaani 0.8, likatokea anapata 0.04, lisipotokea 0.64. Anayesema nusu kwa nusu kila mara anabaki na 0.25, na machale yoyote ya kweli lazima yashuke chini ya hapo. Bila maandishi watu hukumbuka yaliyotimia na kusahau yaliyoyeyuka.

Sasa taroti. Kadi ni 78. Tulipanga mteja achanganye na kuvuta tatu, msaidizi azipeleke nyuma ya pazia, na nusu ya mara azibadilishe kwa siri na kadi tatu za deki nyingine. Msomaji hamwoni mteja wala hasikii sauti yake. Kama kadi zina habari, usomaji wa kadi halisi utatambulika zaidi.

Wasomaji wa taroti wanapinga mara mbili. Kwanza, usomaji ni mazungumzo, na pazia linaua kazi yenyewe. Hoja hii tunaiheshimu. Pili, wanasema hata kadi zilizobadilishwa zilikusudiwa kumfikia mteja huyo. Hapo jaribio linakufa, kwa sababu hakuna kadi inayoweza kuwa ya makosa.

Njia iliyobaki ni kulinganisha makundi mawili yenye uamuzi mgumu, moja likizungumza juu ya kadi za taroti, jingine juu ya picha za kawaida, msikilizaji akiwa yuleyule, kisha kupima nani ametoka na uamuzi ulio wazi. Lakini hicho ni kipimo cha mazungumzo, na tunaogopa matokeo mazuri yatatangazwa kuwa kadi zimethibitishwa.

Je, tuifanye hivyo na kuiripoti peke yake, au tuitoe kabisa taroti kwenye jaribio? Na kuna namna ya kuondoa pazia bila uso wa mteja kumwambia msomaji kila kitu?

Wasomaji wenu,
Waandaaji wa jaribio