Richelieu naye atajwe

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma makala yenu kuhusu Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648). Mwandishi anasema Wakatoliki na Waprotestanti wa Ujerumani walichinjana kwa sababu ya imani, kisha anaishia hapo. Nimefundisha historia miaka mingi, na jibu hilohilo nilikuwa nikilikuta kwenye madaftari ya wanafunzi kila muhula. Linaniuma, maana linawaacha wakubwa fulani wapite bila kuulizwa.

Mmoja wao ni Kardinali Richelieu, waziri mkuu wa Mfalme Louis XIII wa Ufaransa. Mwaka 1627 aliuzingira mji wa La Rochelle, ngome ya Waprotestanti wa Ufaransa, na hadi mji unasalimu amri mwaka 1628 maelfu walikuwa wamekufa kwa njaa. Januari 1631, serikali ya kardinali huyohuyo ikafunga mkataba kule Bärwalde: Gustavus Adolphus, mfalme Mlutheri (yaani Mprotestanti) wa Uswidi, alipwe taler 400,000 (sarafu za fedha za wakati ule) kila mwaka apigane na Kaisari Ferdinand II, Mkatoliki! Richelieu alichokihofia ni ukoo wa Habsburg, uliotawala Hispania upande mmoja na Dola Takatifu la Kirumi (muungano wa nchi za Ujerumani na jirani zake chini ya Kaisari) upande wa pili, Ufaransa imebanwa katikati.

Waprotestanti nao hawakuwa kitu kimoja. Mtawala Mlutheri wa Saxony, nchi mojawapo ya Ujerumani, alimsaidia Kaisari kuwapiga Waprotestanti walioasi wa Bohemia (sehemu ya Ucheki ya leo), na ujira wake ukawa nchi ya Lusatia.

Sisemi dini ilikuwa kisingizio kitupu. Maofisa wa kifalme walipotupwa dirishani mjini Prague, mji mkuu wa Bohemia, Mei 1618, tukio lililowasha vita hivyo, chanzo kilikuwa makanisa ya Waprotestanti, moja limefungwa na jingine limebomolewa. Mtu aliyefungiwa kanisa lake hakuwa anacheza siasa.

Ndiyo maana nasikitika kwamba Magdeburg haikutajwa hata kwa mstari mmoja. Mji ule wa Kiprotestanti wa Ujerumani ulijiunga na Uswidi. Gustavus akawapelekea ofisa wa kuongoza ulinzi, lakini jeshi lenyewe halikufika. Tarehe 20 Mei 1631 askari wa Kaisari walivunja ulinzi wakaingia, moto ukashika, na watu wapatao 20,000 wakafa. Walionusurika ni pamoja na waliojifungia ndani ya kanisa kuu. Mwaka uliofuata wakazi waliohesabiwa walikuwa 449.

Amani ilipotiwa saini mwaka 1648, Uswidi iliondoka na maeneo ya kaskazini mwa Ujerumani, yaani Pomerania ya Magharibi, Bremen na Verden, pamoja na taler milioni 5 za kuwalipa askari wake. Ufaransa ikapata haki za Kaisari katika Alsace, eneo la mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani. Papa Innocent X aliulaani mkataba huo, na watawala Wakatoliki waliousaini hawakumsikiliza.

Ombi langu ni dogo. Mkirudia mada hii, chapeni ramani ya 1618 na ya 1648 sambamba, ili mwanafunzi aone kwa macho yake nani alichukua nini.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro