Barua ya malalamiko: programu yenu ya nyaraka za API imekata nusu lita ya maziwa ya watu

Chumbageni, Tanga.

Kwa Meneja Mkuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU PROGRAMU YENU YA KUZALISHA NYARAKA ZA API NA KUDHALILISHWA MBELE YA WATEJA WANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Huu ni mwaka wa pili nalipia huduma yenu ya kusoma msimbo wangu na kuandika nyaraka za API, yaani maelezo ya namna programu nyingine zinavyozungumza na mfumo wangu. Masharti yenu mnayajua kuliko mimi, sina haja ya kuwanukulia.

Usiku mmoja programu yenu ilijisasisha bila kuniuliza. Katika msimbo wangu wa mfumo wa ushirika wa maziwa, sehemu ya lita ni desimali, imeandikwa hivyo tangu siku ya kwanza na sijaigusa. Kulipokucha, faili la OpenAPI (kanuni za kueleza API kwa namna ambayo programu nyingine zinaisoma) lililozalishwa kutoka msimbo uleule likasema lita ni namba nzima. Vijana wanaotengeneza programu ya simu ya ushirika wa maziwa hawausomi msimbo wangu. Wanalichukua faili hilo na kuzalisha upande wao kutoka humo, jinsi ninyi wenyewe mnavyofundisha. Faili likisema namba nzima, wao wanaweka namba nzima.

Mama mmoja wa Pongwe alileta maziwa kituoni nikiwa pale pale. Kipimo kilionyesha lita 7.5, simu ya karani ikaandika 7. Akaitazama ndoo, akaitazama simu, akaniuliza, "Mwanangu, nusu yangu imekwenda wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Hali hiyo ilidumu siku tisa, asubuhi na jioni, na kila aliyeleta maziwa yasiyotimia lita kamili alikatwa.

Msiniambie ni jambo gumu. Kutenganisha namba nzima na namba yenye desimali kumo katika kanuni hizi za OpenAPI tangu zilipokuwa zikiitwa Swagger, na toleo la 2.0 ni la mwaka 2014. Anayeuza programu ya kusoma msimbo na kuandika nyaraka zake hana ruhusa ya kukosea hapo.

Sasa nifike panapouma. Bodi ya ushirika iliniita ofisini kwao Ngamiani nijieleze. Niliwapigia simu ninyi, nikaweka spika juu ya meza ili wazee wasikie wenyewe kosa liko wapi. Mtumishi wenu hakuniuliza hata swali moja. Alisema, "Wazee, programu yetu haina tatizo. Huyo fundi wenu hajui kazi, tafuteni mwingine." Kisha akakata simu.

Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimeshawaandikia, nikawatumia mstari wa msimbo na mstari wa faili, vikiwa sambamba. Jibu lenu lilikuja: "Rekebisha faili kwa mkono." Nikarekebisha. Jioni nikapandisha msimbo, programu yenu ikazalisha faili upya na kufuta marekebisho yote. Ndugu Meneja, mimi ninalipa ili nyaraka zitoke kwenye msimbo, kwa sababu msimbo ndio unaofanya kazi na hauwezi kusema uongo kuhusu nafsi yake. Ikiwa natakiwa kusahihisha kwa mkono kila jioni, ninalipia nini? Mara ya pili mkaniambia niongeze maelezo ya ziada juu ya kila endipointi, yaani kila anwani ya API inayopokea maombi. Ninazo 64, na aina ya kila sehemu imeshatajwa ndani ya msimbo. Programu yenu ilikuwa ikizisoma vizuri mpaka usiku ule.

Narudi kwenye ile simu, maana nataka muione kama nilivyoiona. Wazee watano wamekaa, wengine niliwaamkia tangu nikiwa mtoto. Kompyuta yangu iko wazi mbele yao, neno "Decimal" linaonekana pale kwenye mstari wa lita. Simu iko katikati ya meza. Sauti yenu inatoka: "Huyo fundi wenu hajui kazi, tafuteni mwingine." Kimya. Mhasibu akageukia dirishani. Mwenyekiti, mtu mzima mwenye heshima zake, akanitazama na kuniuliza taratibu, "Ni kweli, mwanangu?" Hakuna aliyeomba kuutazama ule mstari. Wangeutazamia nini, na wenye programu wameshatoa hukumu? Miaka sita ya kujenga jina katika mji huu mmeifuta kwa sentensi moja.

Nilipoanza kuandika barua hii nilitaka mambo mawili tu: kosa lirekebishwe, na mtumishi yule ampigie Mwenyekiti simu, spika ikiwa juu ya meza ileile, aombe radhi. Jana usiku nilipopitia nyaraka zote upya nikakuta jingine. Folda ya majaribio niliyoitenga isisomwe, programu yenu imeisoma. Namba za simu za wafugaji zimewekwa kama mifano ndani ya nyaraka ambazo mtu yeyote anaweza kuzifungua. Nimezifunga usiku huohuo. Zilikaa wazi muda gani, ninyi ndio wenye kumbukumbu, na ninazitaka.

Kwa hiyo madai yangu yameongezeka. Nirudishiwe ada ya mwaka huu yote. Mlipe tofauti ya maziwa ya siku tisa kwa wafugaji kwa mujibu wa daftari la vipimo, ambalo ushirika unalo. Mniandikie kwa karatasi yenye nembo yenu kwamba kosa lilikuwa lenu, nami nitaipeleka Ngamiani kwa mkono wangu. Radhi ya simu bado ninaidai.

Mwanzoni nilikuwa nimeandika siku 14. Nimefuta. Ni siku 7 tangu mnapopokea barua hii. Siku ya nane nakwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na zile namba za simu, kwa Sheria ya mwaka 2022, na nakala ya malalamiko ya fedha itakwenda Tume ya Ushindani. Picha za skrini ninazo zote, pamoja na tarehe na saa.

Wenu mteja,
Fundi wa mifumo, Tanga.

Nakala: Mwenyekiti wa Ushirika, Wakili wangu.