Kivuko cha Likoni chahitaji maji, si mabango

Mhariri,

Tangu Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, atangaze Machi 13 mwaka huu wa 2020 kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amethibitishwa nchini, wengi wangali wanabishana iwapo ilikuwa sawa kuiruhusu ile ndege iliyotoka China kutua Nairobi Februari 26 ikiwa na abiria 239. Hoja hiyo ina uzito, lakini mgonjwa huyo alitoka Marekani kupitia London, kwa hiyo kumtupia maneno kila Mchina apitaye njiani ni uonevu mtupu.

Linalonikera mimi liko karibu zaidi. Jumamosi duka moja la dawa liliniuzia kwa shilingi 200 kichupa cha kitakasa mikono nilichokinunua kwa 80 wiki iliyotangulia, bei mpya ikiwa imebandikwa, bila haya, juu ya ile ya zamani. Tunahimizwa kunawa kwa maji yanayotiririka, ilhali mifereji yetu hukauka siku tatu mfululizo tukabaki kungojea mkokoteni wa madumu. Na kwa jinsi tunavyobanana ferini kila alfajiri, ushauri wa kuachiana nafasi ya mita moja unachekesha. Naiomba serikali iweke matangi ya maji na sabuni pale kivukoni wiki hii.

Mkazi wa Likoni,
Mombasa