Hujavuka hata Tunduma

Mwanangu Neema,

Marahaba. Huku Mbeya baridi imeanza, na pale Mwanjelwa biashara inasuasua, lakini tunakula.

Kaka yako amenisikilizisha nyimbo zako kwenye simu yake. Alidhani nitafoka. Babu yako alipoikuta kaseti ya rap chini ya godoro langu, aliuvuta utepe wote akanirudishia plastiki tupu. Kwake kuchana mistari kulikuwa uhuni, na kwa mtoto wa kike ndiyo kabisa. Kaseti yenyewe ilikuwa ya Sugu, enzi hizo akiitwa Mr. II. Mwaka 2010 babu yako huyo huyo alipanga foleni kumpigia Sugu kura ya ubunge wa Mbeya Mjini. Nilimtazama, nikanyamaza.

Mwanzoni vijana wetu waliiga Wamarekani hadi lugha. Saleh Jabir akauchukua mdundo wa Vanilla Ice, akaupachika Kiswahili, na watu wakagundua kumbe inawezekana. Kilichotunasa sisi si mdundo, ni kusikia mambo ya mtaani kwetu yakisemwa bila kuomba radhi. Mwaka 2001 Professor Jay alipotoa "Ndio Mzee", akimwigiza mwanasiasa anayeahidi maajabu, watu wazima walicheka mpaka machozi, kwa sababu mtu huyo walikuwa wamemsikia jukwaani. (Mwaka 2015 Jay naye akapanda jukwaani kuomba kura Mikumi, akapewa ubunge. Mungu ana utani wake.)

Sasa wewe. Wimbo wa bumu lililochelewa, hiyo hela yenu ya mkopo wa chuo, na mnavyochangiana unga na kuficha jiko la umeme msimamizi wa hosteli asilione, nimeurudia mara nne. Lakini ule wa ndege binafsi na Dubai? Mama, hujavuka hata mpaka wa Tunduma! Mistari ile hata simu inaweza kukutungia siku hizi. Ya jiko haiwezi, haikuwahi kulala na njaa Dodoma.

Na huyo prodyuza anayetaka usaini karatasi haraka haraka, mwambie mama yako anaisoma kwanza. Wakati wetu msanii aliuza kazi yake kwa msambazaji kwa pesa ya mara moja. Kaseti zikatapakaa nchi nzima, mwenyewe akiomba nauli. Leo hakuna kaseti, ila ujanja ni ule ule: wimbo unawekwa YouTube kwenye akaunti ya mtu mwingine, hela inaingia kwake. Akaunti ifunguliwe kwa jina lako, na kazi ukaisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki.

Sikukatazi. Shule ndiyo usiichezee. Hilo halina mjadala.

Nimempa kondakta kilo kumi za mchele wa Kyela na maharage, namba yake anayo kaka yako. Wimbo ule wa bumu urekodi upya. Pale mwishoni, kwenye mistari ya bibi yako kuuza kuku ili upate ada, umekimbia mno, nusu ya maneno hayasikiki. Nami nataka bibi asikie jina lake.

Mama yako