Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: daftari langu na majaribio ya dawa

Ndugu Mganga Mkuu,

Salaam. Mimi ni muuguzi wa zahanati moja visiwani, na ninayekuandikia ndiye anayejaza kila jioni daftari la MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, linaloandika wagonjwa na matibabu yao.

Wataalamu wanataka majaribio ya dawa yatumie kumbukumbu hizi za kila siku, ili yawe nafuu na ya haraka. Naunga mkono kwa moyo wote. Mwaka 2020 huko Uingereza jaribio la RECOVERY lilitumia fomu fupi na kumbukumbu za kawaida za hospitali, na kabla ya miezi minne kupita likaonyesha kuwa deksamethasoni, dawa ya bei rahisi tu, inaokoa wagonjwa wa UVIKO-19 waliohitaji oksijeni.

Ila kule mgonjwa ana namba moja ya matibabu popote aendapo. Mvuvi wa dagaa anaanza dawa za VVU kwangu, dagaa wakihama naye anahama na kambi, na kwenye mwalo mwingine, pale wavuvi wanapotia mitumbwi, anajiandikisha kwa jina la babu yake. Mimi naandika: amepotea. Mmoja niliyemwandika hivyo nilikutana naye miezi kadhaa baadaye Kirumba, jijini Mwanza, mzima wa afya, akipakia magunia. Nilifurahi, kisha nikaona aibu. Jaribio lingesoma daftari langu, dawa ingeonekana imeshindwa kumbe lililoshindwa ni jina.

Na kichocho? Siku ambayo hakuna mtu wa maabara, mtoto anaandikwa "maumivu ya tumbo".

Mwanza si mgeni wa majaribio. Miaka ya 1990, kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa vituoni kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Lakini wakati ule watu walifuatwa hadi vijijini kwao. Ukiondoa miguu hiyo, unabaki na daftari.

Kwa hiyo naomba namba moja kwa mgonjwa, inayosomeka Ukerewe, Sengerema na hospitali ya rufaa ya Bugando. Naomba karani wa kumbukumbu, maana muuguzi anayezalisha hawezi kuandika vizuri papo hapo. Na mgonjwa aelezwe, kwa Kisukuma au Kikerewe ikibidi, kwamba taarifa zake zinaweza kutumika na kwamba ana haki ya kukataa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Karibu siku ya kliniki. Nitakupisha kiti changu, ujaze daftari hilo kwa saa moja.

Muuguzi, visiwani